NYUMBA NA ELIMU: Kuchagua Chuo cha Biashara Kisomeshacho kwa Masafa



Mwezi huu tumepokea barua kutoka Tanga. Ameiandika kijana mmoja mwenye mke na watoto wawili, naye ni karani wa hesabu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa ametuomba hivyo, na siri ya mtu ni amana. Asema kwamba kazini kwake kumetangazwa cheo cha meneja, na atakayekipata yapasa awe na shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la MBA. Kuacha kazi akaenda kukaa chuoni hawezi, maana nyumba yote yamtegemea yeye. Ndipo alipoliona katika simu yake tangazo la chuo kimoja cha ng'ambo kisomeshacho kwa masafa, kikimwahidi shahada hiyo kwa miezi 8, bila ya mtihani, na kwamba akilipa kabla ya siku 10 kwisha atapunguziwa nusu ya ada. Fedha anazo. Lakini fedha hizo, asema, amezikusanya kwa miaka 6 ili ampeleke mama yake Hijja. Mama naye amekwisha kumwambia: "Soma, mwanangu. Makka haihami." Basi anatuuliza: Je, alipe?

Kwa kuwa jarida letu hutoka mara moja kwa mwezi, na siku 10 zile zisingemngoja, tulimpelekea jibu fupi siku ile ile: asilipe hata senti moja mpaka ayajue mambo matano. Mambo hayo ndiyo tunayoyaeleza leo, kwa sababu swali hili si la kijana huyu peke yake. Nyumba nyingi za Waislamu zinalo, na nyingine zimekwisha kulijibu kwa hasara.

Kwanza tuseme wazi kwamba kujifunza biashara si jambo la kuonea haya, wala si dunia tupu kama wadhanivyo wengine. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara, na Mtume wetu (S.A.W.) alisafiri na mali yake kwenda Sham kabla ya kumwoa. Abdulrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina hali hana kitu, ndugu yake wa Kiansari alimtolea nusu ya mali yake, yeye akamwombea dua, kisha akaomba aonyeshwe njia ya sokoni. Akaanza kwa kuuza samli na jibini, na katika muda si mrefu akawa na chake. Naye Khalifa Umar (R.A.) hakupenda mtu asiyejua hukumu za biashara auze katika soko la Waislamu. Kwa hiyo, kijana atakaye kujua namna ya kuongoza watu, kuhesabu faida, kupanga mtaji na kuandika daftari, anatafuta elimu yenye manufaa, na nia yake ikiwa njema atapata thawabu. Wahenga wetu wamesema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Wala kusoma kwa mbali si bidaa ya simu hizi. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu wasiokaa London, wakapata shahada zao wakiwa makwao. Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini, kiitwacho UNISA, kilishika kazi ya kusomesha kwa posta mwaka 1946. Na Bwana Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria katika chuo hicho mwaka 1989, hali yungali mfungwa. Uingereza wakaunda Chuo Kikuu Huria mwaka 1969. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Na jirani zetu wa Kenya walikipa hati Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023. Basi mtu asidharau shahada kwa kuwa ilisomwa nyumbani. Lililo muhimu ni kujua ilitolewa na nani, na mwenyewe aliifanyia kazi gani.

JAMBO LA KWANZA: SANADI YA CHUO

Sisi Waislamu jambo hili lingetupasa kulifahamu mbele ya watu wote. Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuipokea hadithi kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza: umeisikia kwa nani, naye aliisikia kwa nani, na je, watu hao ni waaminifu? Hata leo, mwalimu wa tajwidi aliye na ijaza aweza kukutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Asiyeweza kuutaja mnyororo huo, hata akiwa na sauti nzuri namna gani, ijaza yake haiwi.

Vyuo vikuu navyo vina sanadi, nayo huitwa ithibati. Chuo hakijipi ithibati chenyewe. Hupewa na mamlaka iliyo juu yake. Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kenya iko Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ya sheria ya mwaka 2012. Uganda liko Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Uingereza serikali huweka orodha ya vyuo vyenye haki ya kutoa shahada. Marekani mambo ni mengine kidogo: huko yako mashirika ya ithibati, na mashirika hayo nayo yatakiwa yawe yametambuliwa. Hapa ndipo wajanja wanapopitia, maana mwenye kubuni chuo hashindwi kubuni na shirika la kukithibitisha. Kwa hiyo, ukiambiwa "tumethibitishwa", usiishie hapo. Uliza: na nani? Na huyo aliyewathibitisha, amethibitishwa na nani? Ukiona mnyororo umekatika pahala, rudi nyuma.

Kisha kwa shule za biashara yako mashirika matatu yajulikanayo dunia nzima: AACSB la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1916, AMBA la London, la mwaka 1967, na EQUIS, iliyoanza mwaka 1997 chini ya shirika la EFMD la Brussels. Shule iliyopata moja katika hizi imekaguliwa vikali. Lakini tahadhari: vyuo vingi vizuri vya nchi zetu havinazo, na kukosa huko hakuviharibii shahada yake mbele ya mwajiri wa hapa. Msingi ni kutambuliwa na mamlaka ya nchi. Hizi tatu ni ziada.

Na kwa shahada ya ng'ambo liko swali moja zaidi, nalo laulizwa kabla ya kulipa: Je, tume ya nchi yangu itaitambua? Nenda, au andika, ukaulize ukitaja jina la chuo na jina la masomo. Jibu la maandishi ndilo jibu. Maneno ya wakala aliyekaa katika baraza ya hoteli na vitabu vya rangi si jibu.

Nitawaelezeni kisa kilichoingia nyumbani mwangu mwenyewe. Mtoto wa ndugu yangu, kijana mwenye akili na bidii, alilipa ada kwa awamu tatu kwa taasisi moja ya mbali ambayo sitaitaja. Awamu ya mwisho ilipomshinda, aliuza bangili za mkewe. Bangili zile zilikuwa mahari. Hakupewa kitabu cha maana wala mwalimu. Aliandika insha mbili, akaambiwa kwamba ujuzi wake wa kazi wamtosha kwa yaliyobaki. Cheti kikaja kwa ndege, kina muhuri wa dhahabu. Tukafurahi, tukasoma hitima, tukala pilau. Alipokipeleka kutambuliwa, akaambiwa kwamba chuo hicho hakimo katika orodha ya nchi yoyote. Siku ile alirudi nyumbani, akakaa kibarazani mpaka Magharibi, hakusema na mtu. Hata leo analipa deni la bangili zile, kidogo kidogo kila mwezi, kwa sababu mahari ni mali ya mke, na mke alikuwa ameazimisha, hakutoa. Nami najilaumu, maana mimi ni mkubwa wake, na swali la sanadi sikumwuliza.

Wala yeye si wa kwanza. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni moja ya Karachi, Pakistan, ilikuwa ikiuza shahada za vyuo vingi ambavyo havikuwako ila katika intaneti. Wanunuzi walitoka nchi nyingi. Wako waliojua wanachonunua, na wako waliodanganywa. Mamlaka zinapopekua, hazina njia ya kuwapambanua kwa urahisi. Na wote twakumbuka mwezi wa Aprili 2017, Tanzania ilipotangaza kwamba watumishi 9,932 wa serikali wamekutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Nyuma ya kila jina katika orodha ile ilikuwako nyumba.

JAMBO LA PILI: SAA ZAKO

Tangazo la kijana wetu lasema miezi 8. Tufanye hesabu, maana yeye ni karani wa hesabu. Shahada ya uzamili ya Uingereza huhesabiwa kuwa na pointi 180, na kila pointi ni saa 10 za kusoma, kuandika na kuhudhuria darasa. Jumla yake ni saa 1,800. Mtu mwenye kazi na watoto, akijitahidi sana, aweza kutoa saa 15 kwa wiki: saa mbili za kila usiku kwa siku tano, na saa 5 za mwisho wa wiki. Gawanya 1,800 kwa 15, upate wiki 120. Hiyo ni miaka miwili na miezi karibu minne. Na atakaye kuyamaliza masomo hayo kwa miezi 8, yaani wiki kama 35, yampasa asome saa 51 kila wiki juu ya kazi yake. Basi ama mtu huyo halali, ama masomo hayo si masomo.

Kadhalika AMBA hutaka mwanafunzi wa MBA awe na ujuzi wa kazi wa miaka 3 walau kabla ya kuingia, kwa kuwa masomo haya ni ya watu waliokwisha kuonja kazi. Chuo kinachompokea yeyote mwenye fedha, bila ya kumwuliza alisoma nini wala amefanya kazi wapi, kimekwisha kujieleza chenyewe.

Tazama pia saa za darasa. Vyuo vingi siku hizi husomesha kwa masafa na mwalimu yuko mbele ya kamera. Darasa la London la saa kumi na mbili jioni, wakati wa baridi yao, kwetu ni saa tatu usiku. Wakati wa joto lao ni saa mbili, pengine waadhini wa Isha. Uliza kama darasa laweza kusikilizwa baadaye. Uliza mtihani unafanywa wapi na siku gani, na kama ukiangukia saa ya Ijumaa au siku ya Idi yako ruhusa gani. Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka; katika masomo ya miaka miwili na kitu, utaikuta mara mbili au tatu. Ijue mapema itakuangukia kwenye muhula gani, usije ukalia baadaye kwamba hukujua.

JAMBO LA TATU: MALI, NA NJIA YA KUIPATA

Usiulize ada tu, uliza gharama yote: ya kujiandikisha, ya vitabu, ya mtihani, ya kurudia mtihani, ya kutoa cheti, na ya intaneti ya kila mwezi. Uliza kama waweza kulipa somo kwa somo, na ukiacha katikati utarudishiwa nini, au utapewa cheti cha daraja la chini kwa yale uliyoyamaliza. Chuo kizuri kina majibu ya maswali haya yote kwa maandishi.

Na kumbuka kwamba ada ya ng'ambo hulipwa kwa fedha ya ng'ambo. Mkenya aliyeanza masomo mwaka 2019 alikuwa akinunua dola moja kwa shilingi 100 na kidogo. Januari 2024 dola ile ile ilifika kama shilingi 160. Ada haikupanda, lakini mfuko wake ulitoboka. Mwenye mshahara wa shilingi na ajiwekee akiba ya zaidi kwa ajili ya jambo hili, au achague chuo kinachotoza shilingi.

Ama kukopa kwa riba ili usome, twamwomba kila kijana alikimbie jambo hilo. Aya ya 275 ya Suratul-Baqara imekwisha kupambanua baina ya biashara na riba, nasi hatuna la kuongeza. Haifai mtu aingie katika elimu ya biashara kwa mlango huo. Kwetu zimekwisha kuwako benki zifuatazo sharia: Gulf African Bank ilifungua milango Kenya mwaka 2008, Amana Bank Tanzania mwaka 2011, na mwaka huo huo Benki ya Watu wa Zanzibar ikafungua huduma yake ya Kiislamu. Kaulize lipo fungu gani la kukufaa, uisome mikataba yao kwa macho yako, wala usitosheke na jina. Na iko qardhi hasana ya ndugu kwa ndugu. Jamaa watu 10, kila mmoja akitoa kidogo, waweza kumsomesha mmoja wao, naye akarudisha kisha akasomeshwa mwingine. Lakini liandikeni deni. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, ambayo ni ndefu kupita aya zote za Qur'ani, imeshuka kwa ajili ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Wengi wetu huona haya kuandikiana na ndugu, kisha hawaoni haya kugombana naye.

JAMBO LA NNE: JE, NI SHAHADA HII HASA?

Mara nyingi mtu hukimbilia MBA kwa kuwa jina lake linasikika. Kijana wetu ni mtu wa hesabu. Na amwendee mkubwa wake kazini, kwa adabu, amwulize mambo matatu: cheo hiki chataka shahada hii tu, au na nyingine zakubaliwa? Shahada ya chuo gani ndiyo mnayoitambua? Na mtu akiwa yungali anasoma, aweza kuomba? Yawezekana akaambiwa kwamba cheti cha uhasibu kinachosimamiwa na NBAA, bodi iliyoundwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1972, kitamfaa zaidi na kwa gharama ndogo. Kama vile ndugu zetu wa Kenya walivyo na mitihani ya KASNEB tangu mwaka 1969. Na yawezekana akaambiwa kwamba ni MBA hasa. Vyovyote viwavyo atakuwa ameuliza, na mwenye kuuliza hajuti sawa na asiyeuliza.

Vile vile awatafute watu wawili waliokwisha kumaliza katika chuo anachokitaka, si wale waliochapwa picha zao katika tangazo, bali aliowapata mwenyewe. Awaulize: Mwalimu alirudisha kazi zenu kwa muda gani? Mlipokwama, alikuwako mtu wa kuwajibu? Mlianza wangapi, mkamaliza wangapi? Majibu ya maswali haya hayapatikani katika karatasi ya rangi.

JAMBO LA TANO: WATU WA NYUMBANI

Masomo ya masafa husomwa nyumbani, kwa hiyo nyumba nzima huyasoma. Zile saa 15 za kila wiki hazitoki mbinguni. Zatolewa katika saa za mke, za watoto, na za kuwatazama wazee. Basi kabla ya kujiandikisha, mume na mke na wakae kitako washauriane kama tulivyoamrishwa kushauriana. Nani atawaogesha watoto usiku wa darasa? Nani ataangalia Qur'ani yao? Siku za mtihani mahali gani patakuwa kimya? Mitihani mingine hufanywa mbele ya kamera, na mtu mwingine akiingia chumbani mtihani huharibika. Kwa mwenye nyumba ya vyumba viwili na watoto wadogo jambo hili si dogo.

Na maneno haya ni ya wake kama yalivyo ya waume. Wako dada zetu wengi ambao masomo ya masafa ndiyo mlango pekee uliowafungukia. Mume amwonaye mkewe ana akili na hamu ya elimu, kisha akamzuia kwa kuwa chakula kitachelewa mara mbili kwa wiki, na ajipime mwenyewe. Dada mwenye kuvaa hijabu na aulize mapema namna chuo kinavyomtambua mtu katika mtihani wa kamera, na kama yuko mwanamke wa kumkagua, ili siku ile asishikwe na taharuki.

Limebaki neno moja la kuwaambia vijana, tena kali. Siku hizi wako watu wanaoandika insha za wanafunzi kwa malipo, na baadhi yao wako katika miji yetu hii hii. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuipiga marufuku biashara hiyo upande wa England. Sasa ziko na programu za kompyuta ziandikazo insha nzima kwa dakika moja. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akaona rundo la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta chini yake kuna unyevu uliofichwa, akamkemea mwenyewe ukemeo ambao kila Mwislamu anaujua. Shahada ambayo mwenyewe hakuisomea ni rundo lile lile: juu kavu, chini mbichi. Na mshahara utakaokuja kwa shahada hiyo utawalisha watoto.

TURUDI KWA MAMA

Ndugu yetu wa Tanga, sasa tuseme na wewe. Chuo chako kile hakikujibu hata swali moja katika haya: hakina mtihani, hakikukuuliza ulisoma nini, kimekupa miezi 8, na kimekuwekea siku 10 kama muuza samaki aonaye jua limekwisha kuwa kali. Kiache. Hasara ya punguzo la nusu ya ada si hasara.

Ama fedha za Hijja, ikiwa umekwisha kumkabidhi mama, hizo ni zake, nawe huna ila kuomba. Ikiwa uliweka nadhiri, mwendee sheikh wako umweleze kama ilivyokuwa, usijihukumie mwenyewe. Na ikiwa ni azma yako tu, na mali bado ni yako, mama amekuruhusu. Lakini twakusihi usiishike ruhusa ile mara ya kwanza. Mama zetu hutoa hata walichokilalia njaa, kisha husema wameshiba. Mtume dada yako au khalati yako akamwulize faraghani, bila ya wewe kuwapo, moyo wake uko wapi. Ni kweli kwamba Makka haihami. Lakini nguvu za mama zahama kila mwaka, na Hijja yataka miguu.

Rai yetu ni hii. Fedha za mama ziache pale zilipo. Tafuta chuo kilichotambuliwa, cha karibu, kitozacho shilingi na kikubalicho ulipe muhula kwa muhula kutoka katika mshahara wako. Kiko Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye shahada hiyo na vituo mikoani, na viko vyuo vingine katika orodha ya TCU. Vipime vyote kwa mambo haya matano. Utachelewa, naam. Huenda cheo hiki cha sasa kikapata mtu mwingine. Lakini baada ya miaka miwili au mitatu utakuwa na elimu iliyo kichwani mwako, na cheti usichokiogopea mpekuzi, na mama aliyekwisha kukuombea dua mbele ya Kaaba. Cheo kingine kitatangazwa, nacho kitakukuta umekwisha kujiweka tayari.

Nanyi wazee mnaosoma safu hii, kijana wenu akija na karatasi ya chuo mkononi, msikimbilie kumpongeza wala kumvunja moyo. Mkalisheni, mkamwulize kwa upole: Mwanangu, sanadi ya chuo hiki ni nani? Mimi nilichelewa kuliuliza swali hili kwa siku moja, na nyumba moja ikalipa kwa miaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na riziki ya halali, na atuepushe na kudanganywa na kudanganya. Amin.

Wassalaam alaykum.